Mkaja wa Mzazi

Katika ada za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Bagamoyo, mwanamke aliyejifungua hakuitwa mgonjwa wala hakuhesabiwa mzima. Aliitwa mzazi, na kwa muda wa siku 40 nyumba nzima ilimzunguka yeye, chini ya amri ya mkunga ambaye neno lake hata mume alilikubali.

Asubuhi alikandwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, tumbo, kiuno na mgongo, mpaka jasho likamtiririka. Kisha akafungwa mkaja, nguo iliyozungushwa tumboni na kukazwa hata pumzi zikawa za kuhesabu. Ndipo akaletewa uji wa pilipili manga, akaunywa ungali moto, na mtoto analia mikononi mwa bibi yake. Kilio hicho nakitaja kusudi, maana mgeni wa mila zetu angeudhika kumwona mama akitangulia. Lakini bibi hakumwona binti yake mchoyo, kwa kuwa maziwa yenyewe yalikuwa yangali ndani ya lile bakuli.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Maji pengine yaliunguza, na maskini asiye na dada wala shangazi aliinuka kabla ya siku zake akashika mchi.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, nao walikuwa na hesabu yao: nifasi, yaani damu ya uzazi, aghalabu ni siku 40, na ukomo wake 60, na sala za muda huo zimemwondokea mzazi wala hazilipi, ingawa saumu atailipa. Hukumu inayonisimamisha kila niisomapo ni ile ya mwenye kunyonyesha katika Ramadhani: akila mchana kwa kuihofia nafsi yake, hulipa siku zake, basi, bali akila kwa kumhofia mtoto peke yake, hulipa siku hizo na juu yake hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku.

Mkaja haukuishia kwenye arobaini. Yule mtoto aliyekuwa akilia, kama ni wa kike, alipokuwa mwali na posa yake ikaja, mchumba alidaiwa, mbali na mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama: thamani ya nguo iliyokwisha kuchakaa zamani, nayo ilikuwa haki ya yule iliyemfunga tumbo.