Konseri kwenye redio: sauti ya orkestra, na sauti ya watu wenye walikuja

Orkestra inapiga uwanjani, watu wanacheza, vumbi inapanda. Kilometa 40 kutoka pale, mama mwenye alibakia nyumbani na watoto amefungua redio ili naye asikie. Anasikia muimbaji peke yake, mbele sana. Ngoma ziko kama ndani ya chumba kingine. Wimbo ukiisha, kimya: hakuna makofi, hakuna vigelegele. Anafikiri watu hawakuja.

Fundi wa sono hana kosa. Alifanya kazi yake vizuri, lakini haikuwa kazi ya redio.

Shida inaanzia pahali kamba ya redio imechomekwa. Mara nyingi redio inakuja na kamba moja ao mbili, inaomba kuzichomeka nyuma ya konsole (ile meza ya vifungo yenye kuchanganya sauti zote), na inatuma hewani mchanganyiko ule vile ulivyo. Lakini mchanganyiko ule umetengenezwa kwa watu wenye kusimama mbele ya mabafle. Wao wanasikia vitu viwili kwa wakati moja: yale yanayotoka ndani ya mabafle, na yale yanayotoka jukwaani moja kwa moja. Batri inajisikia yenyewe. Gitaa ya solo iko na bafle yake nyuma ya mpigaji. Basi fundi anaziweka kidogo sana kwenye konsole, ao haziweki kabisa, na anapandisha muimbaji juu ya mengine, kwa sababu sauti ya mtu peke yake haiwezi kushinda makelele yale. Uwanjani yote yanajichanganya. Kwenye kamba ya redio kunabakia muimbaji na kinanda.

Pahali pakiwa padogo, shida inakuwa kubwa zaidi. Ndani ya sali ya parokia batri haihitaji mikro hata moja, kwa hiyo redio haitaisikia. Kwenye uwanja mkubwa karibu kila chombo kinapita ndani ya konsole, na kamba ya redio inatoa kitu cha kusikilizika. Ndiyo maana redio moja inaweza kufaulu uwanjani na kushindwa kanisani juma lenye kufuata, na vyombo vile vile.

Redio na televisheni kubwa zimepata dawa yake: kila kamba ya mikro inagawanywa jukwaani mara mbili. Upande moja unaenda kwa fundi wa sono, upande mwingine unaenda kwa fundi wa redio, ndani ya gari ao chumba mbali na makelele, na konsole yake mwenyewe. Ni bei kali, na redio za jamii hazina gari ile.

Kuko njia ya katikati yenye haiombi pesa nyingi. Karibu kila konsole iko na matokeo ya pembeni, yale yenye kupeleka sauti kwa mabafle madogo ya wanamuziki jukwaani. Kama moja ao mbili zimebakia bure, fundi anaweza kutengenezea redio mchanganyiko wake: batri na gitaa juu zaidi, muimbaji chini kidogo. Hapo sherti achague kama sauti itoke mbele ya kifungo kikubwa ao nyuma yake. Ikitoka nyuma, inafuata mkono wa fundi: akipandisha solo ya gitaa, redio nayo inaipata, na akifunga mikro yenye haina mtu, redio haisikii wanamuziki wakibishana juu ya pesa. Ikitoka mbele, inabakia pale pale hata kifungo kikishushwa. Kwa sauti za waimbaji, nyuma ndiyo bora. Kwa batri, yenye kifungo chake kiko chini usiku mzima, ni mbele. Konsole za dijitali nyingi zinaruhusu kuchagua hivi kwa kila mlango.

Lakini batri yenye haina mikro haitatokea kwa muujiza. Mikro 2 zinatosha kwa kuanza: moja ndani ya ngoma kubwa, ingine juu ya vichwa vya batri. Mambo haya yanaombwa asubuhi, wakati wa balansi. Saa kumi na mbili ya jioni, watu wakiwa wamesha ingia, fundi wa sono hana tena masikio ya kumsikiliza mtu wa redio, na ni haki yake.

Neno ambianse, katika Kongo, kila mtu analijua: ni furaha, ni bia baridi, ni kucheza mpaka asubuhi. Kwa fundi wa redio liko na maana nyembamba: ni sauti ya pahali na ya watu wenye kuwa pale, bila orkestra. Mikro za waimbaji haziwezi kuikamata, juu zimetengenezwa kusikia kinywa chenye kuwa karibu na kukataa mengine. Ambianse inaomba mikro zake.

Pahali pa kawaida ni kona mbili za mbele za jukwaa, mikro zikiangalia watu na kupa mgongo mabafle. Zisimame juu ya vichwa, karibu metre 3, si katikati ya watu. Mikro yenye kuwekwa karibu na kijana moja mwenye kupenda kulia jina la muimbaji itakuwa ya kijana yule usiku wote, na msikilizaji atafikiri konseri nzima ilikuwa na mtu moja. Kisha besi ikatwe kwenye mikro hizi, chini ya hertz 150 hivi. Besi ya orkestra tayari inatoka kwenye konsole. Ikirudi mara ya pili kupitia ambianse, inakuwa tope.

Kuko pia jambo la wakati. Sauti inatembea hewani karibu metre 340 kwa sekunde moja, lakini ndani ya kamba inafika mara moja. Mikro ya ambianse ikiwekwa metre 34 kutoka kwa mabafle, inasikia kila pigo la ngoma sehemu moja ya kumi ya sekunde nyuma ya konsole. Sikio linasikia mapigo mawili. Kama ni kurekodi, fundi anavuta ambianse mbele kwenye ordinatere mpaka makofi na ngoma vikutane. Kama ni direkti, anachelewesha mchanganyiko wa konsole kwa wakati ule ule. Konsole kama Behringer X32 iko na kazi hiyo ndani. Mwenye hana kazi hiyo aweke mikro karibu na jukwaa, na shida inapunguka yenyewe.

Redio yenye haina kitu chochote cha haya inaweza kujisaidia na mashine ndogo ya kurekodi. Zoom H4n, kwa mfano, iko na mikro 2 juu yake na milango 2 ya kamba chini, na inarekodi zote 4 kwa wakati moja, kila upande kwa faili yake. Kamba za konsole zinaingia chini, mikro za juu zinaangalia watu. Kesho yake fundi anachanganya polepole. Kwa konseri yenye haiombi direkti, ni namna yenye haina deni.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya mkono, si ya kuweka na kwenda kula. Ambianse inapanda wakati orkestra inaingia, inashuka muimbaji akianza mstari wa kwanza, inarudi kidogo kwenye kiitikio kama watu wanaitika, na inapanda kabla wimbo haujaisha, si kisha. Makofi yenye kufunguliwa nyuma ya wakati yanasikika kama mlango wenye kufunguliwa ghafla. Lakini haifungwi kabisa hata mara moja, juu sikio linatambua mara moja kwamba pahali pamebadilika.

Sherti pia kukumbuka kompresa ya redio, ile yenye kukaa kabla ya emeta na kupandisha kila kitu chenye kuwa chini. Orkestra ikinyamaza, kompresa inapandisha ambianse yenyewe, na makofi yanaruka kuliko muziki. Kwa hiyo ndani ya kaske ambianse iachwe chini kidogo kuliko masikio yanavyopenda. Na fundi asikilize mara moja moja kwa redio ndogo yenye bafle moja, kwa sababu wasikilizaji wengi wanasikia hivyo: mikro 2 zenye kuwekwa vibaya zinaweza kuwa nzuri ndani ya kaske na kufutana zikiungana.

Historia ya muziki iko na mfano wenye mafundi wanapenda kusimulia. Tarehe 24 mwezi wa kumi 1962, James Brown alirekodi konseri yake kwenye Apollo, New York. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba bibi mmoja mzee, karibu na mikro, alikuwa akilia maneno ya matusi kwa furaha. Wenye kurekodi walicheka, kisha wakapanga mikro ingine ili ishike vilio vya watu lakini si matusi yale. Sahani ilitoka 1963, na redio za Marekani zilipiga upande mzima bila kukata. Watu walinunua muziki, lakini walinunua pia kelele za ukumbi ule.

Miaka 12 kisha Apollo, James Brown huyo alipanda jukwaa la Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, katika tamasha ya siku 3 ya mwezi wa tisa 1974 yenye ilitangulia pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Franco na Tabu Ley walipiga pale pale. Yale yaliyorekodiwa kwa wasanii wa Afrika yalikaa miaka 43, yakatoka 2017 chini ya jina Zaire 74. Mwenye kuzaliwa kisha konseri ile anaweza kuisikia leo, juu kuko watu wenye waliweka mikro na kutunza kanda.

Sasa, kama mikro za watu hazikuwekwa, kuna kishawishi: kuchukua makofi pengine na kuyabandika. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, mechi za Uingereza na Espania zilichezwa bila watu, na televisheni ziliongeza sauti za mashabiki zenye kutoka kwa mchezo wa video. Lakini lilisemwa wazi, na Sky Sports iliacha watazamaji wachague kusikiliza bila ile sauti. Redio yenye kubandika makofi bila kusema inafanya kitu kingine kabisa. Na si lazima kubandika ili kudanganya: ambianse ya watu 200, ikipandishwa sana, inasikika kama watu 2 000. Kwenye konseri ni uongo mdogo. Mkutano wa siasa ukikamatwa na mikro zile zile na mkono ule ule, wakati wa uchaguzi, si mdogo tena.

Mashariki ya Kongo hili liko na uzito wake. Amani Festival ya Goma ilipangwa kwanza 2013, vita ikaisogeza, na ikafanyika mwezi wa pili 2014 kwenye Collège Mwanga. Mtu mwenye kusikiliza akiwa Walikale ao Fizi hawezi kuona kama watu wamekuja ao wameogopa. Makofi ndiyo habari anayopata. Yakiwa hafifu, yaachwe hafifu.

Mikro yenye kuangalia watu inasikia pia yale watu hawakutaka kusema kwa redio: mtu mwenye kuita mwenzake kwa jina na mtaa wake, wimbo wa matusi juu ya kabila fulani, ao risasi nyuma ya ukuta na mbio zenye kufuata. Redio ndiyo inajibu kwa yale yenye kutoka hewani, mbele ya CSAC na mbele ya majirani. Kwa hiyo vifungo vya ambianse vikae pamoja, chini ya mkono moja, na mkono ule usiondoke. Kukitokea fujo, ambianse inashushwa kwanza, mtangazaji anaongea kwa utulivu, na studio inaweka muziki mpaka habari ithibitishwe. Kilio cha watu wenye kukimbia, kikifika ndani ya nyumba bila maelezo, kinaweza kutosha mtaa mzima barabarani usiku. Redio zenye uwezo zinachelewesha direkti kwa sekunde chache ili ziweze kukata kwa wakati.

Inabakia njia ya kufika studio. Simu ya kawaida inapitisha hertz 300 mpaka 3 400 tu, kwa hiyo besi inapotea yote. WhatsApp na simu nyingi za leo zimefundishwa kuondoa makelele na kuacha sauti ya mtu. Kwao makofi ni makelele, na hata muziki unakatwa-katwa. Kama hakuna njia ingine, simu itumike kwa sauti ya mtangazaji tu, na konseri irekodiwe pale pale, ipite hewani kesho.

Kwa kazi hiyo ya kesho, fundi arekodi pia dakika 2 za watu peke yao, kabla orkestra haijaanza: mazungumzo, watoto, moteri ya groupe kwa mbali. Wimbo wenye kukatwa katikati kwa sababu kuran ilianguka unahitaji kitu cha kuufunika, na sauti ile ya usiku ule ule, pahali pale pale, ndiyo tu inaungana bila msikilizaji kushtuka.