Neno la leo: Mbugu

Maonyesho ya mavazi yasiyotumia ngozi, manyoya wala hariri yamekuja na msamiati wake, lakini nguo ya namna hiyo tunayo kitambo: mbugu. Ni gome la mti wa jamii ya mkuyu. Huchunwa, likapondwa kwa nyundo ya mti yenye michirizi hadi litanuke. Shina nalo hufungwa majani ya mgomba, gome likaota upya. Mpelelezi Mwingereza Speke aliliandika neno hili katika kitabu chake cha 1863. José Hendo, mbunifu wa London mwenye asili ya Uganda, anaishona mbugu.

Wasomaji wa Kasulu na Kibondo mnaosema Kiha, tegeni sikio kwa neno jingine: impuzu. Kwa Kinyarwanda ni nguo ya gome. Kwa Kirundi, ndugu wa Kiha, limepanuka likawa nguo yoyote, hata jaketi la ngozi la mtumba.