Jani kwenye mshale: kimya cha wawindaji wa Ituri

1. Neno la kuanza

Kwa miaka mingi, kila tulipofika kwenye somo la watu wa kwanza wa pori la Ituri, tulikuwa tunawaambia wanafunzi wetu kwamba Waefe na Wambuti wanaweka jani nyuma ya mshale kwa sababu walikosa manyoya ya ndege. Neno hilo hatukulitunga sisi. Tulilipokea kwa walimu wetu, nao walilipokea kwa waliowatangulia. Kisha siku moja mwanafunzi akanyosha mkono: "Mwalimu, pori lile limejaa kanga na hondohondo. Sasa manyoya yanakosekana namna gani?" Darasa zima likacheka, na sisi hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu, hata kama limechelewa.

2. Mshale wenyewe

Wasomaji wanajua kwamba watu wa pori letu hawawindi wote kwa njia moja. Wale wanaoishi karibu na Wabila wamezoea wavu. Waefe, majirani wa Walese, ni watu wa uta. Uta wao ni mdogo, haufiki metre moja, na kamba yake si uzi wala mshipa wa mnyama, ni ukanda wa kekele.

Mishale yao ni ya namna mbili. Ule wa chuma, ambao chuma chake kinatoka kwa wahunzi wa vijijini, ni wa nyama wa chini kama mboloko. Ule wa mti mtupu, uliochongwa mwembamba na kupakwa sumu ya mimea, ni wa kima walioko juu ya miti. Nyuma ya mshale wanapasua ufa mdogo, wanapitisha kipande cha jani gumu, wanakikata pande zote mbili, wanafunga. Basi, mshale umepata mabawa mawili.

Wageni wa kwanza waliliona jani hilo. Stanley, alipopita kando ya Aruwimi katika mwaka wa 1887, alipigana na watu wa Avisibba, na lieutenant wake Stairs akajeruhiwa kwa mshale wa sumu. Katika buku lake la mwaka wa 1890 alieleza namna mishale ya pale ilivyopasuliwa nyuma ikatiwa jani. Padri Paul Schebesta, aliyefika Ituri mara ya kwanza katika miaka ya 1929 na 1930, aliandika mengi juu ya Wambuti. Lakini kuona kitu ni jambo moja, na kuuliza sababu yake ni jambo lingine.

3. Kwa nini mabawa, na kwa nini madogo?

Mshale usio na mabawa unayumba. Mabawa yanashika upepo nyuma, yanaulazimisha mkia ufuate kichwa. Bawa likiwa refu na la kusimama juu, mshale unanyooka upesi. Lakini lile bawa kubwa linalipa deni: linapasua hewa, linatetemeka, linalia. Bawa fupi, la chini, lenye ukingo laini, linalia kidogo, ila nguvu yake ya kuongoza ni ndogo. Kila mwindaji duniani anachagua kati ya mambo haya mawili.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Tuseme mshale unakwenda metre 30 kwa segonde, na mboloko yuko metre 12. Mshale utatumia segonde 0.4 kufika. Sauti inakwenda metre 340 kwa segonde. Itafika kwa segonde 0.035 tu. Kwa hiyo mnyama anapata zaidi ya theluthi moja ya segonde ya kusikia na kuruka. Kwa mboloko, hiyo inatosha. Mlio wa kamba hauwezi kuzimwa kabisa, lakini uta mdogo unalia kidogo. Kama mshale nao unakuja ukilia, mwindaji ametuma mjumbe wa kutangaza kifo kabla hakijafika.

Kwa kima jambo ni kubwa zaidi. Mshale wa mti ni mwepesi na sumu inataka muda. Mshale wa kwanza ukipita pembeni bila kelele, kima anabaki kwenye tawi lake akila matunda, na mwindaji anatuma wa pili, hata wa tatu. Mshale wenye kelele ni mmoja tu. Kisha yake kundi zima limekwenda.

Watu hao hawaogopi kelele. Katika kuwinda kwa wavu, wanawake na watoto wanapiga makelele kusudi nyama akimbilie mtegoni. Mbwa wao wanafungwa kengele za mti shingoni. Kelele wanaitumia pale inapofaa. Kimya pia wanakitumia pale kinapofaa. Huo ndio ujuzi.

4. Jani au nyoya?

Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi, kule Tanzania, wanafunga manyoya ya ndege kwenye mishale yao. Wana haki. Nchi yao ni ya wazi, uta wao ni mrefu na mgumu, nyama yuko mbali, na mshale unahitaji bawa litakaloushika njia ndefu. Kwetu porini, miti haikuachii nafasi ya kuona mbali. Mwindaji anapanda juu ya mti wenye matunda, anangoja nyama aje kula chini, anapiga kwa metre chache tu. Safari ni fupi, basi bawa dogo linatosha.

Tena kuna mvua. Nyoya likilowa linalala. Jani linazoea maji kwa asili yake. Na jani likikauka au likipasuka, jipya linapatikana palepale.

Tulikwenda kumuuliza muzee mmoja, tukiwa na maswali yetu yote kwenye karatasi. Hakujibu hata moja. Alichukua jani, akalikata pana, akalipitisha kwa nguvu karibu na sikio letu: tulisikia. Akalikata tena, jembamba, akalipitisha: kimya. Akasema: "Mwalimu, sikio la nyama ni kubwa kuliko lako." Somo likaisha.

5. Neno la mwisho

Wengine watasema: mambo ya jani yana faida gani leo, wakati bunduki na mitego ya waya zimejaa? Tunajibu hivi. Mtu aliyefundishwa kwamba jirani yake alitumia jani kwa umaskini atamdharau jirani huyo. Na dharau haibaki kwenye daftari. Wambuti waliiona katika vita, hasa miaka ya 2002 na 2003 upande wa Mambasa, walipotendewa mabaya ambayo hatutayarudilia hapa. Katika mwaka wa 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Wambuti na ndugu zao. Ni jambo jema, lakini sheria haiingii darasani yenyewe. Mwalimu ndiye anaiingiza.

Tangu siku ile tumebadilisha somo letu. Hatuandiki tena ubaoni "walikosa manyoya". Tunaandika: "walichagua jani". Neno moja tu limebadilika, lakini mtoto wa Mwefe anayeketi nyuma ya darasa analisoma pia, na tumemwona akiinua kichwa.