Nani Anaamua, Nani Analipa? Funzo la Wilaya ya Shule ya Edgewood, Texas

Muhula uliopita, katika semina ya historia ya utawala, niliwauliza wanafunzi wangu swali nililodhani ni jepesi: nani hulipia shule za sekondari za umma nchini Marekani? Wengi walijibu kwa sauti moja kwamba ni serikali. Nikauliza tena: serikali ipi? Ukumbi ukanyamaza. Mmoja akasema Washington, mwingine akasema jimbo. Hakuna aliyetaja kodi ya nyumba ya mzazi anayeishi mtaa mmoja na shule.

Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa mtu mzima nilipoelewa jambo hili. Lakini nimeona nilijadili kwa kirefu kwa sababu kila msimu wa bajeti unapowadia, hapa kwetu huibuka hoja kwamba shule zikabidhiwe kikamilifu kwa wananchi wa mahali zilipo, "kama wafanyavyo Wamarekani". Hoja hiyo ina mvuto, na ndani yake mna ukweli. Wanaoitoa, hata hivyo, husimulia nusu ya historia. Nusu ya pili iko katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas.

Tuanze na muundo. Katika sehemu kubwa ya Marekani, shule za umma haziendeshwi na wizara. Zinaendeshwa na chombo kiitwacho wilaya ya shule. Neno "wilaya" lisitupotoshe: hapa hatuzungumzii mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na rais. Tunazungumzia eneo lenye mipaka yake lenyewe, ambayo si lazima ifuate mipaka ya mji, na lenye mamlaka yake ya kiserikali. Katika majimbo kama California na Illinois zipo wilaya zinazoendesha shule za sekondari peke yake. Huko Texas kwa kawaida wilaya moja huendesha shule za msingi na sekondari kwa pamoja. Wakazi huchagua kwa kura wajumbe wa bodi ya shule. Bodi humwajiri mkuu wa elimu wa wilaya, hupitisha bajeti, na hupanga kiwango cha kodi ya ardhi na majengo ambayo wakazi watalipa kwa ajili ya shule zao. Ukiyatazama hayo tu, utasema hii ndiyo demokrasia yenyewe: mzazi anampigia kura jirani yake, na jirani huyo ndiye anayeamua kama darasa litaezekwa upya.

Fedha hutoka katika vyanzo vitatu: serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo, na kodi ya wilaya yenyewe. Texas ilikuwa imejiwekea wajibu huu mapema. Katiba ya jimbo hilo ya 1876 inalitaka bunge lake kuanzisha na kudumisha mfumo wenye ufanisi wa shule za umma zisizo na ada. Mwaka 1949 bunge hilo lilipitisha sheria za Gilmer-Aikin, zilizoweka mpango wa kiwango cha chini cha kugharimia elimu. Jimbo lilibeba takriban asilimia 80 ya gharama za mpango huo, na wilaya zote kwa pamoja zikabeba asilimia 20 iliyosalia. Wilaya iliyotaka kuwapa watoto wake zaidi ya kiwango hicho cha chini iliruhusiwa kujitoza kodi zaidi. Tatizo lilianzia katika ruhusa hiyo.

Wilaya ya Edgewood iko upande wa magharibi wa San Antonio. Katika miaka ya 1960 ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25. Asilimia 90 hivi ya wanafunzi hao walikuwa Wamarekani wenye asili ya Mexico, na zaidi ya asilimia 6 walikuwa Weusi. Lilikuwa eneo la makazi ya watu wa kipato cha chini, lenye viwanda na biashara chache. Wengi walifanya kazi katika kambi za jeshi la anga zilizokuwa jirani, na mali ya serikali ya shirikisho haitozwi kodi na wilaya ya shule. Hivyo mwajiri mkubwa wa wazazi hakuwa mlipakodi wa shule za watoto wao.

Tarehe 16 Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa Shule ya Sekondari ya Edgewood walitoka madarasani na kuandamana hadi ofisi ya mkuu wa elimu wa wilaya. Walidai majengo yaliyo salama, vifaa, na walimu wenye sifa. Madai yao hayakuwa ya kubuni: rekodi za mahakama zilikuja kuonyesha kwamba asilimia 47 ya walimu wa Edgewood walikuwa wakifundisha kwa vibali vya dharura, wakati katika wilaya ya Alamo Heights, ndani ya jiji hilohilo, walimu wa namna hiyo walikuwa asilimia 11.

Wazazi walipoanza kukutana, mmoja wao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya Kelly aliyewahi kulitumikia jeshi. Mwanzoni wazazi waliamini kwamba viongozi wa wilaya yao walikuwa wakizitumia vibaya fedha za shule. Wakili Arthur Gochman aliwaeleza jambo gumu zaidi kulimeza: hata bodi ingekuwa ya malaika, fedha zenyewe hazikuwapo. Julai 1968 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho.

Namwomba msomaji avumilie tarakimu chache, maana kesi yote imo ndani yake. Katika mwaka wa shule wa 1967-68, thamani ya mali inayotozwa kodi katika Edgewood, ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, ilikuwa dola 5,960 kwa kila mmoja. Katika Alamo Heights ilizidi dola 49,000. Wakazi wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Wenzao wa Alamo Heights walijitoza senti 85. Baada ya kutoa mchango wa lazima katika mpango wa jimbo, kodi ya Edgewood ilibakiza dola 26 kwa mwanafunzi. Kodi ya Alamo Heights, iliyokuwa nyepesi zaidi, ilibakiza dola 333.

Mtu atadhani kwamba hapo ndipo mkono wa jimbo ungeingia kusawazisha. Jimbo liliipa Edgewood dola 222 kwa mwanafunzi na kuipa Alamo Heights dola 225. Ndiyo, msomaji, hujakosea kusoma: aliye nacho aliongezewa. Fedha za shirikisho zilipunguza pengo kidogo, dola 108 kwa Edgewood na dola 36 kwa Alamo Heights. Jumla ikawa dola 356 kwa mtoto wa Edgewood na dola 594 kwa mtoto wa Alamo Heights.

Je, Edgewood hawakuweza kujitoza zaidi? Mmoja wa majaji alipiga hesabu hiyo. Ili kufikia mapato ya wilaya iliyokuwa ikikusanya zaidi katika kaunti hiyo, Edgewood ingelazimika kutoza dola 5.76 kwa kila dola 100. Sheria ya jimbo iliweka kikomo cha dola 1.50 kwa kodi ya uendeshaji. Yaani sheria ilimwambia mnyonge: amua mwenyewe kiasi unachotaka kuwatumia watoto wako, kisha ikamkataza kukitumia.

Desemba 1971, jopo la majaji watatu wa shirikisho liliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayompa kila mtu haki ya kulindwa sawa na sheria, na likalipa bunge la Texas miaka miwili kuurekebisha. Jimbo lilikata rufaa. Tarehe 21 Machi 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo kwa kura tano dhidi ya nne.

Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Lewis Powell, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya jiji la Richmond, Virginia. Si haki kumsoma kana kwamba hakuwa na hoja. Alisema elimu, pamoja na umuhimu wake wote, haimo miongoni mwa haki zinazolindwa na Katiba ya Marekani, kwa maneno wala kwa maana iliyofichika. Alisema watoto wa Edgewood hawakunyimwa elimu kabisa. Zaidi ya yote, alisema kwamba mfumo wa wilaya unalinda jambo la thamani: wazazi kushiriki katika maamuzi ya shule za watoto wao. Mahakama ikiuvunja kwa ajili ya usawa wa fedha, alihofu, maamuzi yatahamia makao makuu ya jimbo.

Miongoni mwa majaji wanne waliopinga alikuwa Thurgood Marshall. Huyu ndiye wakili aliyeongoza kesi ya Brown ya 1954 iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya ziada ya kumkumbuka: mapema mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, na akaandaa rasimu ya tamko la haki kwa ajili ya taifa lililokuwa likijongea uhuru. Haki ya elimu ilikuwamo katika rasimu hiyo. Miaka 13 baadaye, katika nchi yake mwenyewe, alishindwa kuwashawishi wenzake watano kwamba haki hiyo inastahili ulinzi wa Katiba.

Jibu la Marshall kwa hoja ya Powell ndilo ninalotaka wanafunzi wangu waondoke nalo. Hakuupinga utawala wa wenyeji. Alisema tu kwamba Edgewood haukuwapo. Bodi iliyochaguliwa kihalali, isiyoweza kumwajiri mwalimu mwenye cheti kwa sababu mpaka wa wilaya umeacha viwanda na majumba ya fahari upande wa pili, haina uamuzi wa kufanya. Inachagua kati ya kukosa paa na kukosa vitabu. Na mpaka wenyewe haukuchorwa na Mungu; ulichorwa kwa sheria za jimbo, na jimbo ndilo lililokuwa likijitetea mahakamani kwamba haliwajibiki na matokeo yake.

Rodriguez aliwaambia waandishi wa habari siku ile kwamba maskini wameshindwa tena. Lakini hawakunyamaza. Mlango wa shirikisho ulipofungwa, walirudi kwenye katiba ya jimbo na neno lile la 1876, "ufanisi". Mwaka 1984 Edgewood, ikishirikiana na wilaya nyingine, ilifungua kesi mpya katika mahakama za Texas. Oktoba 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, kwa kura zote tisa, ilitamka kwamba mfumo ambamo wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na mali mara 700 ya ile maskini kuliko zote kwa kila mwanafunzi hauwezi kuitwa wenye ufanisi. Bunge lilijaribu kurekebisha, na mahakama ikayakataa majaribio hayo, hadi sheria ya 1993 ilipozilazimisha wilaya tajiri kuchangia sehemu ya utajiri wao kwa wengine. Wakazi wa wilaya hizo waliibatiza sheria hiyo jina la Robin Hood, na halikuwa la kuipongeza. Mahakama iliikubali mwaka 1995.

Tangu maandamano hadi hapo ni miaka 27. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Edgewood mwaka 1968 alikuwa amevuka umri wa miaka 30, na bila shaka wengine walikuwa na watoto wao katika madarasa yaleyale.

Sisemi kwamba Edgewood ni hapa kwetu. Mishahara ya walimu wa shule zetu za umma hutoka Hazina, iwe kata ni ya matajiri au ya maskini, na hilo si jambo dogo. Lakini tuwe wakweli. Katiba yetu, ibara ya 11, inataja haki ya kila mtu kujielimisha, kisha ibara ya 7 inaiweka haki hiyo katika sehemu ambayo mahakama haziwezi kuilazimisha. Shule zetu nyingi za sekondari za kata zilijengwa katika miaka ya 2000 kwa nguvu za wananchi, na pale ujenzi unapotegemea nguvu hizo, kata yenye soko na stendi haianzi mahali pamoja na kata inayongoja mvua. Anayetaka tuwaige Wamarekani katika kuwapa wananchi shule zao, ninamuunga mkono kwa sharti moja: atuambie mfuko utatoka wapi, na nani atawafidia walioangukia upande mbaya wa mpaka.

Kwa ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, mnaoandika nyaraka na miongozo, ombi langu ni dogo. Kila mnapoorodhesha majukumu yanayoshushwa kwa bodi ya shule au halmashauri, andikeni kando ya kila jukumu kiasi cha fedha kinachoshuka pamoja nalo. Pale ambapo hakuna cha kuandika, jukumu hilo lisishushwe kwanza.