Njia Zilizofuata Maji

Mgeni anayefika Mkwajuni siku hizi huja kwa gari, na swali lake la kwanza aghalabu ni dhahabu. Lakini wapo wachache, hasa vijana waliotembea nchi za watu, ambao wameanza kuuliza jambo jingine: je, huku kwetu hakuna njia za kutembea milimani, za kuvuka mito na kuoga kwenye mabwawa ya asili, kama zile wanazojivunia wenzetu wa Ulaya? Jibu ni kwamba zipo, tena ni nyingi kuliko barabara. Ila sijui hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya matembezi. Zilichorwa na nyayo za watu waliokuwa wakitafuta chumvi, pembe za ndovu, fedha ya kodi, na baadaye malisho. Huwezi kuielewa njia ya miguu ya Songwe kama hukuuliza kwanza aliyeipita alikuwa amebeba nini.

Mkwajuni kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Chunya, na leo ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa ulioanzishwa mwaka 2016. Kusini yake imesimama safu ya Milima ya Mbeya, ambayo kilele chake kinapita mita 2,800. Magharibi ardhi inateremka hadi Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi. Kwa hiyo mtu atokaye milimani kwenda ziwani hushuka mita 2,000 nzima, kutoka kwenye baridi ya viazi na pareto hadi kwenye joto la mikwaju na mibuyu. Mto Songwe nao unateremka hivyo hivyo. Msomaji asiuchanganye na Songwe mwingine, ule wa mpakani na Malawi, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Huu wetu unaishia Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka. Maji yakiingia humo huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kukauka kwa jua. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa nitalirudia.

Biashara ya kale kabisa ninayoifahamu katika bonde hili ni chumvi. Huko Ivuna, upande wa kusini wa ziwa, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wataalamu waliochimbua hapo katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya watu waliokuwa wakipika chumvi tangu kama karne ya 13. Chumvi ni mzigo mzito usioharibika, na kila mtu wa milimani aliihitaji. Hapana shaka basi kwamba njia za kutoka Ivuna kwenda juu zilikuwepo karne nyingi kabla ya ramani yoyote. (Ivuna hiyo hiyo iliangukiwa na kimondo tarehe 16 Desemba 1938. Watu wote wanakijua kile kikubwa cha Mbozi, lakini wanasayansi wanakithamini mno hiki kidogo cha Ivuna, maana ni cha aina adimu sana duniani.)

Baadaye zilikuja pembe. Katika miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880 nchi ya Ukimbu, kaskazini yetu, ilitawaliwa na Nyungu ya Mawe pamoja na rugaruga wake, na pembe zilikwenda Unyanyembe na kutoka huko hadi pwani. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti, aliliona Ziwa Rukwa akaliita Leopold, jina ambalo halikudumu. Wapagazi waliomfikisha walitembea hatua zile zile alizotembea yeye, tena na mizigo kichwani, lakini kitabuni safari ni yake. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ikatwe njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ilikamilika sehemu tu. Hata hivyo, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1890 walikubaliana kwamba njia hiyo ibaki upande wa Waingereza, na mpaka ukapita kaskazini yake. Ndiyo maana Tunduma iko Tanzania na Nakonde iko Zambia. Ikiwa mtu anadhani njia ya miguu ni kitu kidogo, na aende akasimame Tunduma autazame msururu wa malori.

Lakini njia ninazozizungumzia hasa ni za dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilijulikana rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ulizaliwa kwa sababu hiyo mwaka 1927. Kilichowasukuma watu kwa wingi ni mambo ya mbali sana. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei hadi dola 35 kwa aunsi. Mazao yalikuwa yameporomoka bei dunia nzima, dhahabu peke yake ikapanda. Wazungu waliokosa kazi walikuja kwa mamia kuchimba kando ya mito yetu, nao walihitaji mikono. Serikali ilidai kodi kwa shilingi taslimu, na shilingi milimani ilikuwa adimu. Basi Wanyakyusa, Wandali, Wamalila, Wasafwa na Wanyiha wakaanza kuteremka.

Waliotoka Rungwe walikuwa na njia mbili kubwa. Moja ilipanda safu ya Mbeya yenyewe na kuteremkia Chunya. Ya pili iliizunguka safu upande wa magharibi, ikalifuata bonde la Songwe hadi Galula na kufika huku Mkwajuni. Ya kwanza ilikuwa fupi, ila baridi yake kileleni usiku haikuwa na huruma kwa mtu mwenye shuka moja. Ya pili ilikuwa ndefu na yenye malaria, na mtu wa milimani aliyekuwa hajawahi kuumwa na mbu wa bondeni aliilipia.

Katika miaka ya 1980 bado walikuwepo wazee waliokwenda Lupa kwa miguu, na nilipenda kuwasikiliza. Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakuieleza njia kwa vijiji wala kwa vilima. Waliieleza kwa maji. Safari ilifanywa kiangazi, shamba likiwa limetulia, na kiangazi mito ya huku hukatika. Songwe huendelea, lakini vijito vingi hubaki kuwa mchanga mtupu wenye bwawa hapa na bwawa pale, mahali palipo na mwamba chini au kivuli cha mti mkubwa. Njia ilitoka bwawa hadi bwawa. Siku moja ya safari ilikuwa umbali kati ya bwawa la kulala na bwawa la kulala. Kila bwawa lilikuwa na jina lake na masharti yake: hapa hamwogi, mnachota tu, hapa mamba yupo, hapa chimba mchangani, usinywe ya juu. Aliyetangulia aliacha tawi lililovunjwa kumwonyesha wa nyuma mahali maji yalipohamia. Walikuwa na unga wao mfukoni, na wengine hawakurudi. Mzee mmoja alinihesabia wenzake wawili waliozikwa kando ya njia, kila mmoja kwa jina na kwa bwawa alipofia. Machimboni waliandikwa kwa namba ya kipande.

Ndiyo sababu ninaposikia watu wakisema nchi yetu haina njia za kutembelea huwa nacheka kidogo. Tulikuwa na ramani kamili ya maji vichwani mwa vibarua.

Vita vya 1939 vilipoanza, wachimbaji wengi wa Kizungu walitawanyika. Kazi kubwa ikahamia kwenye mgodi wa Saza, uliofanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Malori yakaongezeka, barabara ikafika, na vijana wa milimani wakaelekeza macho Kopabeti na Afrika Kusini. Njia za zamani zikaachiwa watu wa karibu: wanawake wanaochota maji, wavuvi wanaopandisha samaki wa Rukwa, watoto wa shule. Dhahabu haikwisha. Mgodi mkubwa wa New Luika ulianza uzalishaji mwaka 2012, na wachimbaji wadogo wapo kila upande na maduara yao na makarasha yao.

Hapo ndipo mabwawa yanaporudi kwenye hadithi, na si kwa heri. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huosha ule unga, humimina zebaki ili ishikane na dhahabu, kisha donge hilo hulichoma motoni. Zebaki hupaa kama moshi usioonekana, dhahabu hubaki. Nyingine huondoka na maji na marudio. Kazi hiyo huhitaji maji, na kiangazi maji yako mahali pale pale yalipokuwa mwaka 1935. Zebaki ikilala kwenye matope ya bwawa, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki humwingia mlaji, ikimdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Wajapani wa Minamata waliyajua hayo mwaka 1956 kwa machozi, na mkataba wa dunia wa 2013 juu ya zebaki umepewa jina la mji wao. Sisi tuna sababu moja zaidi ya kuhofu: kinachoteremka na mito yetu hakiendi baharini. Kinaingia Rukwa na kubaki Rukwa. Simlaumu mchimbaji, maana anatafuta ada ya shule kama babu yake alivyotafuta kodi. Nasema tu kwamba bwawa lile si la kuoga.

Katika njia hizo hizo wameingia pia wafugaji. Tangu miaka ya 1970 na 1980 Wasukuma wengi waliswaga ng'ombe wao kutoka kaskazini hadi bonde la Rukwa, nao pia walifuata maji. Mkulima amelima hadi ukingoni mwa mto, mchimbaji amechimba katikati ya njia, mfugaji anapita na ng'ombe wake kwa kuwa maji yako ng'ambo, na ugomvi unaanza. Kila mmoja anaweza kuonyesha karatasi au desturi. Njia yenyewe haina karatasi.

Hispania walikutana na ugomvi wa namna hii zamani. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso wa Kumi aliwapa wafugaji wa kondoo chama chao, Mesta, na njia zao za kuhamisha makundi zikalindwa. Chama kilivunjwa mwaka 1836, lakini njia hazikufa. Sheria ya mwaka 1995 imezitangaza kuwa mali ya umma. Ile pana kabisa ina upana wa mita 75 hivi, na zote pamoja hufikia kilomita zipatazo 125,000. Tangu 1994 kondoo hupitishwa kila mwaka katikati ya jiji la Madrid, magari yakisimama, ili watu wasisahau haki hiyo. Nyingi ya njia hizo sasa hupitwa na watembeaji wenye mikoba mgongoni, wale wale ambao vijana wetu wanawaonea wivu. Wanatembea juu ya haki ya mchungaji.

Na sisi si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kijiji kina mamlaka ya kuandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi. Nimeona ramani kadhaa za mipango hiyo. Zina eneo la kilimo, la malisho, la makazi, la msitu. Njia ya miguu sijaiona, wala jina la bwawa.

Wanaokwenda vijijini kuchora ramani hizo wangefanya vyema kuwauliza wachungaji na wanawake wa mtoni kabla ya kumuuliza mwenyekiti. Waanzie Galula, kwa kuwa huko bado wapo watoto wa wale waliopita, wanaokumbuka jina la bwawa na mahali kaburi lilipo.