Somo la Historia: Bastola ya Mfukoni na Njia ya Mamboya

Leo tutazungumza juu ya bastola ya zamani, ile ndogo ya kutiwa mfukoni. Huenda mtauliza: bastola ina habari gani na Mamboya? Sikilizeni vizuri.

Katika karne ya 19 misafara mingi ilipita Mamboya, katika milima ya Ukaguru, ikitoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi. Wapagazi walichukua vitambaa na shanga; wakirudi walibeba pembe za ndovu. Pamoja na bidhaa hizo zilikuja bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka.

Nyingi zilikuwa magobori, yaliyoachwa na majeshi ya Ulaya yalipopata silaha mpya. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa mdeki, mdomoni mwa mtutu. Ukikosa shabaha, huna budi kuanza upya, na adui anakuja.

Bastola ni tofauti. Mwaka 1836 Samuel Colt wa Marekani aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wake. Nyuma ya mtutu aliweka chuma cha mviringo chenye matundu, na kila tundu lina risasi yake. Nyundo ikivutwa, chuma kile huzunguka, na tundu jipya husimama sawasawa na mtutu. Basi mwenye bastola aliweza kupiga mara tano kabla mwenye gobori hajamaliza kushindilia. Lakini ile ya mfukoni ina mtutu mfupi. Haifai kuwindia, ilitengenezwa kwa ajili ya kumpiga mtu aliye karibu.

Watawala waliijua tofauti hiyo. Sultani Seyyid Barghash alipounda jeshi jipya mwaka 1877 chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, askari walipewa bunduki za Snider, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Katika miaka ya 1880 askari wake waliwekwa Mamboya kwenyewe.

Kisha mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, Ubelgiji. Mkataba ulizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo, magobori ya gumegume na baruti ya kawaida yaliweza kuruhusiwa kuuzwa. Silaha mpya zikabaki kwa serikali na kwa wachache wenye kibali. Vita vya Maji Maji vilipotokea, 1905 hadi 1907, wananchi walipigana kwa mikuki, mishale na magobori. Wajerumani walikuwa na bombomu. Ushujaa haukupungua, kilichopungua ni silaha, na upungufu huo ulikwisha kuandikwa kwenye karatasi miaka 15 kabla.

Ndiyo maana tunajifunza kusoma. Hata chuma kina maandishi. Bastola nyingi za mfukoni zina herufi ELG, maana yake zilipimwa Liège, Ubelgiji. Bunduki nyingi za Uingereza zina taji na neno Tower, jina la ngome ya London iliyokuwa ghala la silaha. Msomaji huzijua zilikotoka.

Sasa onyo. Mkikuta silaha ya kale darini au shambani, msiiguse, wala msijaribu kuipiga. Kutu hula chuma, na mtutu waweza kupasuka. Katika bastola za baruti, cheche ya tundu moja huweza kuwasha matundu ya jirani, na mkono ukaharibika. Tena sheria ya mwaka 2015 hairuhusu kukaa na silaha bila leseni. Iacheni ilipo, watoto wasikaribie, mkawaite polisi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Gobori na bastola hutofautianaje?
2. Mkataba wa mwaka 1890 ulimfaidia nani?
3. Utafanya nini ukikuta bunduki ya babu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.