MICHEZO YA FAHARI NA ARDHI YA UMMA: FUNZO LA MNAZI MMOJA

Mchezo ni sehemu ya utamaduni wa binadamu. Lakini katika jamii yenye matabaka, hata mchezo huvaa sura ya tabaka linalotawala. Kwa hiyo kada anayetaka kulielewa suala la ubadhirifu katika michezo na sherehe hana budi kuuliza maswali matatu. Mchezo unachezwa juu ya ardhi ya nani? Unalipiwa kwa jasho la nani? Na ukimalizika, unaiacha ardhi katika hali gani? Tutayajibu kwa kuitazama historia ya Unguja.

Katika karne ya 19 jamaa za Sultani na makabaila wenzao walifuga farasi wa Kiarabu na punda weupe wa Maskati, wakawapanda kwa fahari mbele ya watu. Gharama ya fahari hiyo ilitoka mashambani. Misitu ya magharibi ya kisiwa ilifyekwa ili ipandwe mikarafuu, na mikarafuu ikahudumiwa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kilidhihirisha hatari ya kuifanya ardhi izae zao moja kwa ajili ya anasa ya wachache.

Mwaka 1890 Waingereza walitangaza himaya yao. Michezo ilibadilika, lakini msingi wake wa kitabaka haukubadilika. Wakati huo Mji Mkongwe ulitenganishwa na Ng'ambo na hori la bahari lililojaa na kukauka kwa maji kupwa na kujaa. Na upande wa kusini palikuwa na uwanda wa chini wa Mnazi Mmoja. Mwaka 1913 na 1914 Profesa W. J. Simpson alizuru Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali ya kikoloni kuchunguza afya ya miji. Alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi na pawe na eneo la wazi katikati. Hivyo ubaguzi ulivikwa joho la usafi. Uwanda wa Mnazi Mmoja ukawa mahali pa gofu, kriketi na tenisi, na kila jamii ikawekewa klabu yake kwa kufuata rangi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Gofu ni mchezo unaohitaji eneo pana mno kwa wachezaji wachache mno. Ng'ambo, kwa upande wake, walikaa wachukuzi, vibarua, wavuvi na watumishi wa majumbani, ambao walidaiwa kodi ya kiwanja kwa ajili ya kipande cha ardhi kilichotosha kibanda tu. Mwaka 1928 wananchi hao waligoma kulipa kodi hiyo. Mgomo huo ulikuwa swali kwa watawala: kwa nini ardhi iwe adimu kwa anayejenga, na iwe tele kwa anayepiga kipira kwa fimbo?

Bahari nayo ililipishwa. Hori lilifukiwa kidogo kidogo mpaka kazi hiyo ikakamilika katika miaka ya 1950. Mahali palipokuwa njia ya maji pakawa nchi kavu. Hata leo, wakati wa bamvua kubwa, maji ya chumvi hupenya na kutuama katika sehemu za chini za Mnazi Mmoja. Wakoloni wameondoka, lakini gharama wametuachia sisi.

Wapo wanaosema kwamba wabadhirifu halisi ni wanavijiji na mila zao. Tuitazame basi Mwaka Kogwa ya Makunduchi, inayofanyika kila Julai. Pande mbili za mji hupigana kwa magomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Na kila nyumba hutaka kupata mgeni wa kumlisha. Mgomba ukishazaa hukatwa, na gomba likitupwa huoza likawa mbolea. Makuti huota tena. Uwanja ni wa wote, na baada ya sherehe hubaki wa wote. Huu ni mchezo wa kujitegemea. Hatari inayoikabili leo inatoka nje: biashara ya utalii inayougeuza mji mzima kuwa jukwaa, na chupa za plastiki ambazo, tofauti na gomba, haziozi.

Mapinduzi ya 1964 yaliwarudishia wananchi Mnazi Mmoja, na mwaka 1970 ukafunguliwa Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China. Gofu haipo tena Mnazi Mmoja; vijana wa Ng'ambo hucheza mpira pale pale. Ushindi huo ni mkubwa, lakini haujilindi wenyewe. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa jukumu la kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na viwanja vikubwa vinajengwa na kukarabatiwa. Hatupingi ujenzi huo. Tunachosema ni kwamba maswali yale matatu hayamhusu Sultani na Mwingereza peke yao. Yanatuhusu na sisi.

Azimio la Arusha la 1967 liliihesabu ardhi kuwa miongoni mwa misingi minne ya maendeleo. Kiongozi anayetenga mamilioni kwa sherehe ya siku moja, huku kiwanja cha watoto wa mtaa kikimegwa ili kijengwe maduka, anarudisha gofu kwa jina jingine. Kazi ya kada ni kuanzia tawini kwake: avihesabu viwanja vya wazi vilivyobaki, ajue mipaka yake, na awe wa kwanza kusimama pale kinapokuja kigingi cha kwanza cha mnyang'anyi.